Mtoto wa Jicho Ametolewa, Kisukari Kimebaki

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kisukari uliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, na ni wa yule unayeishi naye: mke, mume, binti, mjukuu, au jirani anayekushika mkono mpaka kituoni. Nimeuandika nikiifikiria Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa sababu kumuuguza mtu wa macho Madale si sawa na kumuuguza Upanga, katikati ya jiji. Hospitali kubwa ziko mbali, njia za ndani zina vumbi wakati wa kiangazi na makorongo wakati wa masika, na mgonjwa akizidiwa saa nne usiku mnaanza kwanza kutafuta bajaji. Msomaji wa Mbagala, Kivule au Chanika atakuta mengi yanamhusu pia.

Jambo kubwa nalisema mapema. Upasuaji umeondoa ukungu uliokuwa sehemu ya mbele ya jicho. Kisukari huharibu sehemu ya nyuma. Mtu anaweza kuona vizuri kabisa leo, akasoma kibao cha daladala kwa mbali, na huku mishipa midogo ya retina inavuja taratibu bila maumivu yoyote. Wengi huacha kliniki ya macho siku ile wanapoanza kuona. Kwa mwenye kisukari, siku hiyo ndiyo kliniki inapoanza kumfaa zaidi, maana kabla ya upasuaji daktari hakuweza kuitazama retina vizuri kupitia ule ukungu. Sasa anaweza. Basi katika marudio yako ya kwanza au ya pili, sema wazi: "Daktari, mimi nina kisukari, naomba uniangalie na retina." Ukisahau yote mengine yaliyo humu, sentensi hiyo usiisahau.

Kilichofanyika ndani ya jicho

Kila jicho lina lenzi yake ya asili, iliyo nyuma ya mboni nyeusi. Lenzi hiyo ikipoteza uangavu tunasema mtu ana mtoto wa jicho. Uzee humletea karibu kila mtu, lakini mwenye kisukari humpata mapema zaidi, wakati mwingine akiwa bado yuko kazini na watoto wanasoma. Daktari hufungua sehemu ndogo, huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya plastiki mahali pake. Watu huuliza kama lenzi hiyo itaisha muda wake. Haiishi. Ya kwanza iliwekwa na daktari Harold Ridley mjini London mwaka 1949, na tangu hapo mamilioni ya watu duniani wameishi na lenzi za namna hiyo mpaka mwisho wa maisha yao. Mtoto wa jicho harudi pia, kwa sababu lenzi alimokuwa haipo tena. Kinachoweza kutokea, baada ya miezi au miaka, ni kile kifuko chembamba kinachoshikilia lenzi mpya kuingia ukungu. Hilo hutibiwa kwa mwali wa leza kwa dakika chache, bila kisu. Ukianza tena kuona ukungu, usikate tamaa ukidhani pesa zako zimepotea, na usikae nyumbani ukidhani ni uzee.

Retina ni jambo lingine. Ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho, na ndio unaopokea mwanga na kupeleka ujumbe wake kwenye ubongo. Umejaa mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea, huvuja maji na mafuta, na mingine huziba. Retina ikikosa damu huotesha mishipa mipya, na hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Dirisha lako limewekwa kioo kipya, lakini nyumba ikiwa inavuja kwa ndani, kioo peke yake hakiwezi kuiokoa.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 Tanzania walikuwa na kisukari, na wengi wao hawakujua. Kwa hiyo wapo wanaogundulika kwa mara ya kwanza pale wanapopimwa sukari ili wafanyiwe upasuaji wa macho. Kama wewe ni mmoja wao, una mambo mawili mapya ya kujifunza kwa wakati mmoja. Yasome polepole, au usomewe.

Matone

Hapa sitakuwa na haraka, kwa sababu upasuaji mzuri unaweza kuharibikia nyumbani kwenye chupa ya matone.

Kwa kawaida utapewa aina mbili: ya kuzuia vijidudu, na ya kutuliza uvimbe ambayo ina steroidi. Wakati mwingine zote mbili zimechanganywa kwenye chupa moja. Muda wa kutumia mara nyingi ni kama wiki nne au zaidi kidogo, na ile ya steroidi hupunguzwa hatua kwa hatua: mara nyingi kwa siku mwanzoni, halafu chache, halafu chache zaidi. Fuata karatasi yako, si ya jirani aliyepasuliwa mwaka jana.

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama maji hayatoki, mtu akumiminie kwa kopo. Lala chali au egemeza kichwa nyuma. Vuta kope ya chini kwa kidole mpaka kijitokeze kijimfuko, tazama juu, dondosha tone moja. Moja linatosha, la pili linamwagikia shavuni na chupa inaisha kabla ya wakati. Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole. Fumba jicho taratibu bila kulibana, na ubonyeze kidogo pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika moja ili dawa isishukie kooni. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Chupa yenye dawa nyeupe kama maziwa itikise kwanza.

Mwenye macho dhaifu hawezi kusoma majina ya chupa, na mjukuu anaweza kuwa shuleni. Funga mpira mmoja wa pesa kwenye chupa ya kwanza, miwili kwenye ya pili. Vidole vitasoma. Chupa iliyofunguliwa isitumike zaidi ya wiki nne, na isichangiwe na mtu mwingine hata kama ana jicho jekundu na anakuonea wivu.

Sasa onyo ambalo ningependa lisikike katika kila duka la dawa kutoka Tegeta hadi Goba. Matone ya steroidi yakitumiwa kwa muda mrefu bila daktari kupima jicho, yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuua mshipa wa fahamu wa kuona. Uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi. Mtu huona jicho limewasha kidogo mwezi wa tatu, anakumbuka kwamba ile dawa ilimfaa, anamtuma kijana dukani na boksi tupu, na muuzaji anampa. Usifanye hivyo. Vilevile usiikatishe kabla ya muda kwa sababu jicho halikuumi.

Na usitie kitu kingine chochote: asali, maziwa ya mama, maji ya majani, maji ya dua. Sidharau mkono wa mzee anayekuombea. Aombe akiwa ameushika mkono wako. Jicho lina kidonda kipya, na kwa mwenye kisukari vijidudu hupata nafasi kirahisi zaidi.

Siku za mwanzo nyumbani

Kile kikombe cha plastiki chenye matundu ulichofunikiwa jicho ni cha kuvaa unapolala, usiku na mchana, mpaka utakapoambiwa uache. Kazi yake ni kuzuia mkono wako mwenyewe usilipikiche jicho usingizini. Lala chali au ubavu wa upande usiopasuliwa.

Kuoga oga, kuanzia shingoni kushuka. Uso upanguse kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, ukiliepuka jicho. Nywele zisubiri, au mtu akuoshe ukiwa umeegemea nyuma. Kwa Mwislamu, swali la kusujudu huja siku hiyo hiyo: katika siku za mwanzo swali umekaa kwenye kiti ukiashiria kwa kichwa, na umuulize daktari lini unaweza kurudi chini. Kwenye udhu pangusa uso kwa uangalifu. Kama ni Ramadhani na una shaka kuhusu matone, muulize sheikh wako, lakini usiyaache. Swali la kufunga kwa mwenye kisukari ni pana zaidi, nalo ni la daktari wako wa kisukari kabla mwezi haujaandama.

Usinyanyue ndoo ya maji, gunia la mkaa wala mtoto. Usiiname kichwa kikashuka chini ya kiuno. Viatu vaa umekaa. Kufua, kufagia uwanja, kulima kibustani, vyote viache kwa wiki kadhaa. Jikoni kwenye mkaa na kuni usikae, moshi na mafuta yanayoruka ni hatari. Ukitoka nje vaa miwani ya jua au ya wazi ili kuzuia vumbi, hasa unapopita pembezoni mwa barabara ambako malori ya kokoto hayapungui. Bodaboda usipande katika wiki za mwanzo kama kuna njia nyingine. Baharini, iwe Kunduchi au Mbweni, usiingie mpaka daktari aseme.

Jicho moja likiwa limefungwa, hesabu ya umbali inapotea. Utamimina chai nje ya kikombe, na ngazi ya mwisho utaikosa. Madale ina miteremko na mitaro isiyo na kifuniko, na wenye kisukari wengi wana ganzi miguuni, hawasikii jiwe mpaka wameanguka. Tembea na mtu. Vaa viatu vya kufunika vidole hata ndani. Jioni anayekuuguza aangalie nyayo zako chini ya taa, kwa sababu wewe kwa sasa huwezi kukiona kidonda kinachoanza.

Maumivu madogo, kuwasha, hisia ya mchanga jichoni na machozi siku chache za mwanzo ni kawaida. Parasetamoli inatosha. Zile dawa za maumivu zenye nguvu zaidi, diklofenaki na wenzake, usinywe bila kuuliza: huumiza figo, na kisukari chako huenda kimekwisha kuzigusa figo kabla.

Dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Uoni uliokuwa unakuja vizuri halafu ukarudi nyuma. Wekundu unaoongezeka, usaha, kope kuvimba. Mimweko ya mwanga kama radi wakati umefumba macho. Vidoadoa au nyuzi nyeusi nyingi zinazoelea ghafla. Kivuli kama pazia linalofunika upande mmoja.

Lolote kati ya haya, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili au sikukuu. Maambukizi ndani ya jicho yanaweza kulimaliza kwa siku moja au mbili, na retina inayobanduka huokolewa kwa saa, si kwa wiki. Nenda pale ulipofanyiwa upasuaji. Kama ni usiku na huwezi kufika, nenda hospitali ya karibu na useme maneno haya mlangoni: "Nimefanyiwa upasuaji wa jicho siku kadhaa zilizopita, nina kisukari, na sasa naona vibaya zaidi." Namba ya simu ya hospitali iliyo kwenye kadi yako iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, na iwe kwenye simu ya mtu mwingine pia. Ukienda duka la dawa kwanza utapoteza muda ambao jicho halina.

Sukari katika wiki hizi

Upasuaji wenyewe huushtua mwili, na mshtuko hupandisha sukari. Kama daktari amekupa vidonge vya steroidi au sindano yake, itapanda zaidi, mara nyingi mchana na jioni. Matone peke yake kwa kawaida hayana athari kubwa kwenye sukari ya damu. Katika wiki mbili za mwanzo pima kila siku kama una mashine: asubuhi kabla ya kula, na mara nyingine saa mbili baada ya chakula. Vijiti vya kupimia ni ghali, najua. Kama huna, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kitakupima kidole. Watu wengi wazima hulenga kati ya 4 na 7 asubuhi, na chini ya 10 baada ya kula, lakini mzee sana au mwenye magonjwa mengine huwekewa lengo lake. Andika kila namba kwenye daftari. Nesi akikuuliza, "Mama, sukari zako zilikuwaje wiki hii?" jibu la "ilikuwa nzuri tu" halimsaidii.

Kosa moja ninaloliogopa ni la mtu anayetoka hospitali akiwa ameogopa, akaamua kuacha kula ili sukari ishuke kwa haraka. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ikishushwa ghafla, hasa mtu anapoanza insulini, retina iliyokwisha kuumia inaweza kuzidi kwa miezi ya mwanzo kabla ya faida kuonekana. Jambo hilo lilishuhudiwa katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 1993, kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza. Utafiti huo huo ndio ulioonyesha pia kwamba, kwa muda mrefu, kudhibiti sukari kwa karibu kulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya retina kuanza kuumia. Kwa hiyo shusha, lakini kwa mpango wa kliniki, na retina ikaguliwe wakati dawa zinaongezwa. Mwambie daktari wa kisukari kwamba umepasuliwa jicho, na mwambie daktari wa macho kwamba umeanzishiwa insulini. Usidhani wanaambiana.

Presha nayo isisahaulike. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998, kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, ulikuta kwamba waliodhibitiwa presha kwa ukaribu zaidi walipungukiwa kwa theluthi moja na hatari ya retina kuendelea kuharibika. Vidonge vya presha ni dawa ya macho pia. Vinywe hata siku ambayo kichwa hakiumi.

Chakula hakibadiliki kwa sababu ya jicho, ila mgonjwa aliyelala nyumbani huletewa vitu: soda, juisi, maandazi, keki. Mgeni anakuja na upendo wake mkononi. Mwambie mapema alete mayai, samaki, mchicha, tango au parachichi. Na hii imani kwamba ugali wa dona au wa ulezi mwenye kisukari anakula apendavyo, tuiache. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Ugali au wali uchukue robo ya sahani, robo nyingine iwe maharage, dagaa, samaki au kuku, na nusu iwe mboga: matembele, mchicha, mlenda, kabichi. Embe ni tunda la kuliwa vipande, si la kunywewa kwa jagi.

Insulini kwa asiyeona vizuri ni hatari yake peke yake. Alama za bomba la sindano ni ndogo, na kukosea mistari mitano kunaweza kumwangusha mtu. Mpaka uoni utulie, mtu mwingine avute dozi na kuisoma kwa sauti kabla ya kuchoma. Ile yenye rangi ya maziwa iviringishwe kwanza kati ya viganja. Umeme ukikatika au kama huna friji, kichupa kiweke ndani ya mfuko mkavu, na mfuko ndani ya chungu au mtungi wa udongo uliowekwa mahali penye kivuli na upepo, juu ya mchanga uliolowa maji. Joto la Dar es Salaam la Januari na Februari huiua insulini iliyoachwa juu ya kabati. Ikiganda barafu nayo imekufa.

Ukitetemeka, ukatoka jasho jembamba, ukahisi njaa kali au kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 4, au kama huwezi kupima, kunywa mara moja nusu chupa ya soda ya kawaida, au maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari. Baada ya dakika 15 pima tena, kisha ule chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Apakiwe kwenye gari.

Safari ya kliniki

Madale mtu huwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kushuka Tegeta na kuifuata Barabara ya Bagamoyo kwenda hospitali za Mwananyamala, Muhimbili, au CCBRT iliyoko Msasani, ambayo imekuwa ikihudumia macho ya Watanzania tangu miaka ya 1990. Ya pili ni kupita Goba hadi Mbezi kwa anayekwenda hospitali ya Mloganzila. Vyovyote vile unaondoka saa 11 alfajiri na unaweza kuonwa saa saba mchana. Hapo ndipo wenye kisukari huangukia kwenye benchi la kusubiri: wamechoma insulini au kumeza vidonge nyumbani, hawakula kwa haraka ya daladala.

Kama hujaambiwa ufunge, kula kabla ya kutoka. Beba mayai ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja, maji, na pakiti ya glukosi. Ukihisi vibaya mwambie nesi, usijikaze kwa heshima. Beba dawa zako zote, za macho na za sukari na za presha, ndani ya mfuko mmoja, pamoja na daftari, kadi ya bima na karatasi ya kutoka hospitali. Uende na mtu, kwa sababu ili retina ionekane utatiwa dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa karibu kutakuwa na ukungu na jua litakuchoma macho. Siku hiyo huendeshi chombo chochote.

Mkifika ndani, ulizeni mpaka muelewe. Retina ikoje? Kuna mishipa inayovuja? Nirudi baada ya muda gani? Ikiwa retina ni safi, utakaguliwa angalau mara moja kwa mwaka maisha yako yote. Ikiwa imeanza kuumia, itakuwa kila baada ya miezi michache. Kwa mwenye kisukari, maji yanaweza kujaa katikati ya retina wiki chache baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, ndiyo maana marudio ya mwezi wa kwanza na wa pili hayafai kurukwa hata kama nauli imekuwa ngumu. Heri ukope nauli.

Ukiambiwa unahitaji leza, elewa inafanya nini. Inazuia mishipa mibovu isiendelee kukua na kuvuja, ili kiasi unachoona kisipungue. Wengi hutoka kwenye leza wakilalamika kwamba hawajaona tofauti. Kutokuona tofauti baada ya miaka mitano ndiyo faida yake. Ukiambiwa sindano ya ndani ya jicho, moyo utaruka, lakini jicho hutiwa ganzi na kazi huisha kwa dakika chache. Mara nyingi huwa ni mfululizo, takriban kila mwezi mwanzoni. Uliza mapema ngapi zinatarajiwa, bei yake, na kama bima yako inalipia, kwa sababu kuanza na kuachia njiani kunaweza kuliacha jicho pabaya. Kama umepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni, sema kabla ya sindano.

Waliofanyiwa upasuaji wa retina yenyewe na kuwekewa gesi ndani ya jicho wana sharti lao la pekee. Watalazwa kifudifudi au kwa mlalo watakaoelekezwa, kwa siku watakazoambiwa, na wasipande ndege wala kusafiri kwenda nyanda za juu kama Lushoto, Njombe au Mbulu mpaka daktari athibitishe gesi imekwisha. Gesi hutanuka kadiri unavyopanda juu na inaweza kulipofusha jicho njiani. Hata kama kuna msiba kijijini. Familia iambiwe hivyo mapema, ili mgonjwa asibaki peke yake akijitetea.

Kipimo cha nyumbani

Nyumba nyingi za huku zina grili za chuma madirishani, na hizo zinafaa kupimia macho. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, simama au kaa mahali pale pale kwenye mwanga wa mchana. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama katikati ya grili. Kisha badilisha. Nondo zikionekana kupinda, kutetemeka kama maji, au kipande kikikosekana katikati, retina ina tatizo, nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Ukiacha macho yote mawili wazi, jicho zima huficha ugonjwa wa mwenzake kwa miezi mingi, na ndivyo watu wanavyochelewa.

Miwani na jicho la pili

Usikimbilie miwani. Jicho lililopasuliwa huhitaji wiki kadhaa kutulia, kwa kawaida kati ya nne na nane kutegemea aina ya upasuaji, ndipo lipimwe. Lenzi ya plastiki kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya kuona mbali, hivyo karibu kila mtu atahitaji miwani ya kusomea. Na lile jicho ambalo bado lina lenzi yake ya asili huyumba pamoja na sukari: ikipanda lenzi huvimba, ikishuka hunywea, na miwani iliyopimwa siku sukari ikiwa 17 haitakufaa siku ikiwa 7. Subiri sukari itulie kwa wiki chache kwanza, ndipo utoe pesa.

Jicho la pili nalo likiwa na ukungu, liulizie mapema, lakini kubali likisogezwa mbele ikiwa retina ya jicho la kwanza bado inatibiwa, au ikiwa wastani wa sukari wa miezi mitatu, ule unaopimwa kwa HbA1c, uko juu mno. Daktari anayekuambia urudi baada ya miezi miwili sukari ikiwa imeshuka hajakufukuza. Omba akuandikie tarehe, akuandikie na namba anayotaka kuiona, upeleke karatasi hiyo kliniki ya kisukari wiki hiyo hiyo, ili wote wawili wawe wanafanyia kazi namba moja.